Kusubu chubwi za risasi nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanaoanza

Maswali haya ni ya mvuvi anayetaka kutengeneza chubwi zake mwenyewe, yaani vizito vya kuzamishia mshipi, kwa madini ya risasi, na hajawahi kuyeyusha metali yoyote. Yasome yote kabla ya kuwasha moto. Baadhi ya majibu ni marefu kwa sababu hapo ndipo watu wanapoumia.

Je, mtu asiye fundi anaweza kweli kusubu chubwi?

Anaweza. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327.5 za Selsiasi, wakati alumini inahitaji 660 na shaba 1,085. Jiko dogo la gesi linatosha, na kilo mbili za risasi huwa maji kwa dakika chache tu. Lakini urahisi huo ndio unaowaponza wengi. Mtu akiona metali imeyeyuka upesi namna ile, anadhani kazi yote ni nyepesi, anaifanyia jikoni huku watoto wamemzunguka.

Kuyeyusha si kazi. Kazi ni kuzuia vitu viwili: maji yasiguse risasi ya moto, na vumbi la risasi lisiingie mwilini mwako wala mwa watu wa nyumbani kwako. Ukiyamudu hayo mawili, mengine utajifunza kwa kufanya.

Nifanyie kazi hii wapi?

Nje, mahali pakavu, penye upepo mwanana, mbali na jikoni, mbali na kamba ya kuanikia nguo, mbali na bustani ya mboga na pale watoto wanapochezea. Simama upepo ukikujia kwa ubavu, ili moshi usikupige usoni wala usikurudie kutoka nyuma. Banda lililo wazi pande mbili linafaa. Chumba chenye dirisha moja hakifai hata ukilifungua wazi. Wingu la mvua likionekana, ahirisha.

Kama huna mahali pa nje pa kufanyia, jibu langu ni kwamba usianze. Nunua chubwi zilizo tayari.

Mvuke wa risasi ndio hatari kubwa, sivyo?

Hapana, na kosa hili linafanya watu walinde pua wakasahau mikono. Risasi huchemka kwenye nyuzi 1,749, na chini ya nyuzi 500 hivi hutoa mvuke kidogo sana. Ukiuweka moto wako kati ya 370 na 400, mvuke wa metali si adui yako mkuu. Moshi unaouona mwanzoni ni wa rangi, mafuta na uchafu ulioshikamana na vyuma chakavu, nao pia si wa kuvuta.

Adui ni vumbi. Risasi ya moto ikikutana na hewa hutengeneza utando wa kijivu au wa manjano juu yake. Ule utando ukiondolewa hugeuka unga mwepesi. Huo unga hukaa kwenye vidole, kucha, ndevu, shati, soli za viatu na usukani wa gari. Halafu mtu anakula andazi bila kunawa, anavuta sigara, anambeba mtoto. Sehemu kubwa ya risasi inayowadhuru wanaofanya kazi hii kwa burudani hupitia mdomoni.

Kwa hiyo: hakuna kula, kunywa, kuvuta sigara wala kushika simu wakati wa kazi. Vaa barakoa ya mpira yenye vichujio vya P100 au P3, hasa wakati wa kuondoa utando na wakati wa usafi. Kitambaa au barakoa nyepesi ya hospitalini haizuii unga huu ipasavyo.

Nani hapaswi kukaribia kabisa?

Watoto, wajawazito na wanaonyonyesha. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 kuliko mtu mzima. Ndani ya mwili risasi huhifadhiwa kwenye mifupa na meno kwa miaka mingi, na wakati wa ujauzito inaweza kutoka mifupani mwa mama ikamfikia mtoto tumboni. Kwa mtoto huathiri ubongo unaokua, na madhara hayo hayarudi nyuma.

Kumwita mwanao aje atazame kunaweza kuonekana kuwa njia nzuri ya kumfundisha kazi ya mikono. Mfundishe kufunga ndoana au kushona wavu.

Nahitaji vifaa gani?

Sufuria ya chuma cha kusubu au ya chuma kizito, yenye kitako kipana na mshikio imara. Usitumie sufuria ya alumini, kwani hulainika kadiri inavyokaribia kiwango chake cha kuyeyuka, na mshikio wake unaweza kung'oka. Usitumie ndoo au kopo la mabati, maana zinki iliyopakwa juu yake itaingia kwenye risasi yako. Utahitaji pia upawa wa chuma, kijiko kirefu cha kuondolea utando, kalibu (umbo la kumiminia risasi), koleo na kipimajoto kinachofika angalau nyuzi 450.

Uzito unawashangaza wengi. Lita moja ya risasi ina kilo 11 na zaidi, kwa hiyo sufuria ndogo ya lita mbili ikijaa inazidi kilo 22, za moto, juu ya jiko lililoundwa kubeba maharage. Anayeanza asizidishe kilo mbili au tatu kwa mkupuo. Jiko likae chini, kwenye ardhi iliyo sawa, juu ya bamba la chuma au sinia pana lenye mchanga mkavu kabisa, ili risasi ikimwagika isitambae. Isimwagike kwenye saruji tupu: saruji huficha unyevu, nayo hupasuka na kurusha vipande.

Mavazi ni suruali ndefu ya pamba iliyofunika shingo ya kiatu, viatu vya ngozi vilivyofungwa, shati la mikono mirefu, aproni na glavu nene za ngozi, pamoja na miwani ya usalama na ngao ya uso. Nguo za nailoni na poliesta huyeyuka zikashikana na ngozi. Suruali isichomekwe ndani ya buti, kwa sababu tone likiingia humo hutaweza kulitoa haraka. Kifaa chochote kilichogusa risasi hakirudi jikoni tena, hata kikioshwa mara ngapi.

Risasi niipate wapi? Naweza kuvunja betri kuukuu za gari?

Betri hapana, na hapa sina nafasi ya mjadala. Kwanza kuna asidi ya salfa. Pili, sehemu kubwa ya uzito uliomo si metali bali ni uji mkavu wa misombo ya risasi ambao hauyeyuki kwenye jiko lako. Unabaki kuwa vumbi la sumu. Tatu, betri nyingi za sasa zina kalsiamu, na za zamani zina antimoni na arseniki. Mabaki yake yakichanganyika na kupata unyevu yanaweza kutoa gesi za arseniki na antimoni zinazoua. Kule Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha Dakar nchini Senegali, watoto 18 walifariki kati ya Novemba 2007 na Machi 2008, na uchunguzi ukaonyesha udongo na vumbi lenye risasi lililotokana na kuchakata betri kuukuu. Wengi wa waliofanya kazi ile walikuwa watu wa kawaida waliokuwa wakitafuta riziki karibu na nyumba zao.

Zinazofaa ni chubwi zilizochakaa, risasi za nyavu, mabamba ya risasi ya mapaa, mabomba ya maji ya zamani, na vizito vya magurudumu ya magari. Vya magurudumu vichambue kimoja kimoja. Siku hizi vingi ni vya zinki au chuma. Tazama alama ya Pb (risasi), Zn (zinki) au Fe (chuma) iliyopigwa ubavuni. Vyenye risasi huwa na antimoni kidogo, hivyo ni vigumu kuliko risasi tupu, na hilo halidhuru chubwi.

Bomba lililofungwa ncha zote mbili, au kitu chochote chenye uwazi ndani, kikate au ukiache. Hujui kilichomo.

Nitaitambuaje zinki?

Risasi huchubuka kwa ukucha, hukatika kwa koleo kama inayotii, na ukiidondosha hulia kwa sauti nzito iliyozima. Zinki hukataa kukatika na hulia kengele. Ukikosea, kuna kinga ya pili: zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419.5. Ukiuzuia moto usipite 400, kipande cha zinki kitaelea juu bila kuyeyuka, nawe utakiopoa. Ukipandisha moto kwa haraka ya kumaliza, kitayeyuka, mchanganyiko utakuwa mzito wenye mabonge, na hautajaza kalibu vizuri tena.

Kwa nini maji yanaogopwa kiasi hiki?

Maji yakigeuka mvuke hutanuka karibu mara 1,700. Tone likinaswa chini ya risasi yenye nyuzi 380 halipati muda wa kuchemka taratibu. Hulipuka, na kinachorushwa ni risasi ya moto, mara nyingine sufuria nzima. Halihitaji kuwa tone la kuonekana: jasho la paji la uso, umande kwenye kipande kilicholala nje, mkunjo wa bamba la paa, kijiko ulichokiosha asubuhi.

Ndiyo maana risasi mbichi huwekwa kwenye sufuria ingali baridi, zote zikapanda joto pamoja. Ukihitaji kuongeza wakati nyingine imeshayeyuka, pasha kipande pembeni mwa jiko kwa muda wa kutosha, kisha ukiteremshe kwa koleo polepole. Usikirushe. Upawa nao upashwe kila mara kabla ya kuuzamisha. Na pasiwe na ndoo ya maji karibu na jiko. Ya kunawia na ya huduma ya kwanza ikae hatua kadhaa kando.

Kalibu nitumie ya aina gani?

Ya alumini, ya vipande viwili vyenye mishikio. Hudumu miaka, hukauka haraka, na chubwi hutoka safi. Alumini haitayeyuka, kwa kuwa kiwango chake kiko juu sana ya cha risasi.

Kuna wanaochonga kalibu za mbao ngumu. Zinafanya kazi, zinaungua kidogo kila mara, na baada ya kumimina mara chache umbo linapotea. Sharti mbao iwe imekauka kweli.

Plasta ya jasi ndiyo inayodanganya. Inakauka juu, inakuwa nyeupe na ngumu, mtu anaamini iko tayari. Lakini jasi iliyoganda hubeba maji ndani ya muundo wake wenyewe, karibu asilimia 21 ya uzito, na maji hayo hayaondoki kwa kuanikwa juani. Yanatoka kwa joto kali, yaani pale pale unapomimina. Mchanga wenye unyevu nao hutumiwa na wavuvi wa sehemu nyingi. Wenye uzoefu wanajua kipimo cha unyevu na namna ya kuupa mvuke njia ya kutokea. Anayeanza hana kipimo hicho. Achana navyo vyote viwili.

Nitajuaje uzito wa chubwi kabla ya kumimina?

Kila mililita moja ya uwazi wa kalibu ni gramu 11.3 za risasi. Jaza uwazi huo mchanga laini mkavu, umimine kwenye bomba la sindano lenye alama za mililita, uzidishe. Chubwi ya gramu 100 haifiki hata mililita 9. Ikiwa ya mviringo, kipenyo chake ni kama sentimeta 2.6. Risasi ikiwa na antimoni ndani uzito utapungua kidogo. Usipime kwa maji. Nimeshasema kwa nini.

Nieleze kumimina kwenyewe, tangu mwanzo.

Fanya mara mbili, siku mbili tofauti. Siku ya kwanza safisha vyuma chakavu tu na kuvigeuza mikuo, yaani vipande vikubwa vya kuhifadhi. Siku ya pili usubu chubwi kutoka kwenye mikuo hiyo safi. Wengi huunganisha hatua hizi, na chubwi zao hutoka na takataka ndani.

Risasi ikiyeyuka yote, chuma, vibanio na mawe huelea. Viondoe. Kisha tupia kipande cha nta kisichozidi punje ya haragwe, ukoroge taratibu ukikwangua kuta na kitako. Nta hutoa moshi na huweza kushika moto. Ndiyo kawaida yake, simama kando na uache iungue. Kazi yake ni kurudisha sehemu ya ule utando kuwa metali, ili usitupe risasi nzuri. Kinachobaki juu ni unga mkavu. Uondoe kwa mkono wa polepole, uweke kwenye kopo la chuma lenye kifuniko. Usiukung'ute.

Uso ukishatakata hung'aa kama kioo. Ukigeuka rangi ya dhahabu na zambarau mara tu baada ya kuusafisha, moto umezidi, punguza.

Kalibu iwe imepakwa masizi ndani kwa mwali wa mshumaa, utando mwembamba tu, na iwe imepashwa pembeni mwa jiko. Weka kitanzi cha waya mahali pake, funga, chota, umimine kwa mkondo mmoja usiokatika mpaka tundu la juu lijae na kubaki na kifundo. Kifundo hicho si upotevu: risasi ikiganda hunywea kwa asilimia kama 3.5, nayo hunyonya kutoka hapo. Bila kifundo utapata shimo. Hesabu mpaka uso uzime kung'aa, subiri kidogo zaidi, ndipo ufungue. Chubwi iangukie kwenye taulo nene kavu. Usiipoze kwa maji.

Chubwi zangu zina mikunjo. Nyingine zina ukungu mweupe.

Mikunjo ni kalibu baridi, au mafuta yamebaki ndani. Endelea kumimina, chache za kwanza karibu kila mara hutoka hivyo, zirudishe kwenye sufuria kwa utaratibu ule wa kupasha kwanza. Ukungu mweupe ni kalibu iliyopata joto kupita kiasi, ipumzishe. Upande mmoja usipojaa, pengine hewa haina pa kutokea: kwangua mifereji myembamba kama unywele kutoka pembeni mwa uwazi hadi nje ya kalibu.

Waya wa kitanzi uwe wa nini?

Chuma kisichoshika kutu, au shaba nyeupe. Waya wa kawaida hula kutu kwenye maji ya chumvi, na siku moja mshipi unarudi bila chubwi.

Nimemaliza. Nisafishe vipi?

Zima moto, subiri kila kitu kipoe kabisa. Usifagie kwa ufagio mkavu wala kutumia mashine ya kawaida ya kunyonya vumbi, ambayo hulipulizia hewani. Futa kwa kitambaa chenye maji na sabuni, ukiwa bado na barakoa, kisha kitambaa kiingie kwenye kopo la taka. Viatu vibaki nje. Vua nguo kabla ya kuingia ndani, zifuliwe peke yake. Nawa mikono na uso, sugua kucha, uoge na nywele. Baada ya hapo ndipo unakula, ndipo unamgusa mtoto.

Kopo la utando liandikwe SUMU YA RISASI, lifungwe, lipelekwe kwa wanaopokea taka za sumu au kwa mnunuzi wa metali anayekubali mabaki hayo. Shimo la takataka, mto na bustani si mahali pake.

Risasi ya moto ikinigusa?

Peleka sehemu hiyo kwenye maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Metali iliyoshikamana na ngozi usiibandue. Daktari ndiye ataitoa. Jicho likiguswa, ni hospitali papo hapo.

Chubwi ndogo za kubana, naweza kuzifunga kwa meno?

Usifanye hivyo kamwe. Najua wavuvi wengi wazuri hufanya, na baba zao walifanya. Kila ukibana unaacha risasi mdomoni. Tumia koleo dogo, ulifunge kwa kamba kwenye kisanduku cha ndoana lisipotee. Chubwi zikipakwa rangi ya kudumu nazo hupunguza risasi inayobaki mikononi kila unapozishika.

Je, nipime damu?

Ndiyo, mara moja kabla hujaanza, kisha kila mwaka ukiwa unaendelea. Kichwa kuuma, choo kigumu, tumbo kusokota, uchovu na hasira za karibu ni dalili zinazofanana na za maradhi mengine mengi, na mtu anaweza kuwa na risasi nyingi bila dalili yoyote. Kipimo cha damu ndicho kinachosema. Kipimo kikipanda, acha kusubu na umwone daktari, na wote mnaoishi nyumba moja mpimwe.

Sheria zinaruhusu chubwi za risasi?

Inategemea nchi na maji unayovulia. Uingereza ilipiga marufuku mwaka 1987 chubwi nyingi ndogo za risasi, za kuanzia gramu 0.06 hadi 28.35, baada ya batamaji kufa kwa kumeza zile zilizopotea majini. Ndege wa namna hiyo humeza changarawe za kusagia chakula, na hawatofautishi changarawe na risasi. Kwa hiyo kwenye maziwa na mito yenye ndege wengi, ningekushauri chubwi ndogo ziwe za chuma au mawe hata pale sheria isipokataza. Chuma ni chepesi, karibu gramu 7.9 kwa mililita, utahitaji kubwa zaidi kidogo.

Risasi iliyobaki niiache igande ndani ya sufuria?

Ni afadhali uimimine yote kuwa mikuo. Ikiganda ndani, siku nyingine kitako kitayeyuka kwanza huku juu kukiwa bado kugumu, na risasi inayotanuka chini inaweza kutafuta ufa na kuruka. Ikiwa imeshaganda, anza na moto mdogo, ielekeze joto ubavuni pia, na usiinamie sufuria mpaka uso wote uyeyuke.